Niliyatoa Matumbo ya Sailensa kwa Mikono Hii

Hotuba ya fundi wa pikipiki katika mkutano wa wakazi kuhusu sheria ndogo ya kelele za vyombo vya moto, Malindi

Bwana Mwenyekiti, mashekhe na wachungaji wetu, wazee wa mitaa, mama zangu, na nyinyi vijana wa steji mliosimama karibu na mlango kama watu wanaojiandaa kutoroka: assalaam aleikum. Na wasioitikia salamu hiyo, hamjambo.

Mwenyekiti aliponipigia simu akaniambia nije niseme juu ya kelele za pikipiki na tuktuk, nilimwuliza kama hajakosea namba. Jambo kama hili husemewa na daktari, au wakili, au mwalimu mstaafu. Mimi ni fundi. Akanijibu neno moja: "Ndiyo maana." Nikakata simu, nikakaa, nikafahamu. Wazee walisema mchawi mpe mwana akulelee. Haya, mwana mmenipa.

Kwa wasionijua, nina gereji chini ya mwarobaini, mwaka wa ishirini na mbili sasa. Nilianza na baiskeli. Mwaka 2008 serikali ilipoondoa kodi ya VAT kwa pikipiki ndogo, zile zenye injini ya chini ya cc 250, baiskeli zikaniaga moja moja, na kufumba na kufumbua nikawa fundi wa pikipiki za Boxer na TVS. Tuktuk zikafuata. Kwa hiyo kelele mnayoilalamikia leo nimeiona ikizaliwa, na nyingine nimeizalisha mimi. Hilo nimelitanguliza ili mtu asije kulitoa mfukoni wakati wa maswali akadhani amenivua nguo.

Nianze na sailensa, kile kibuyu cha chuma kilicho ubavuni mwa pikipiki. Injini hizi hufanya kazi kwa mlipuko. Mafuta na hewa vinaingia, plagi inatoa cheche, vinalipuka, moshi unasukumwa nje. Injini ikizunguka mara 6,000 kwa dakika, milipuko ni 3,000, yaani 50 katika kila sekunde moja. Bodaboda inayopita mlangoni pako ni bunduki inayofyatua mara hamsini kwa sekunde, na kinachokukinga usiisikie ni sailensa tu. Ndani yake kuna vyumba, kuta na vijibomba vyenye matundu. Sauti inaingia, inagonga ukuta, inarudi nyuma, inakutana na nyingine inayokuja, zinauana humo humo. Inayotoka nje ni mabaki. Vitu hivyo vya ndani sisi mafundi tunaviita matumbo.

Kijana anakuja gereji: "Fundi, nitolee matumbo." Nachukua msumeno, nakata upande wa nyuma, nayatoa, nachomelea pale pale nilipokata. Nusu saa, shilingi mia tatu. Ukiitazama kwa nje ni sailensa ile ile. Ndani limebaki debe tupu, na debe tupu mnajua haliachi kuvuma.

Kwa nini wanataka hivyo? Wengi wanaamini pikipiki inaongeza mbio. Vijana wangu, mkiwa hapo hapo mlangoni, nisikilizeni: kwa injini ndogo kama hizo, hapana. Kabureta, kile kifaa kinachochanganya mafuta na hewa, ilipimwa kiwandani pamoja na sailensa yake. Ukitoa matumbo bila kuigusa kabureta, mara nyingi mafuta yanakuwa machache kwa hewa inayoingia, injini inachemka, na ile nguvu ya kuondokea, unayoihitaji ukiwa umebeba mama, mtoto na nusu gunia la unga, inapungua. Kilichoongezeka ni mlio, na mlio unayadanganya masikio yako kuwa unakimbia. Nilikuwa nikilijua hilo. Sikulisema, kwa sababu mia tatu ni mia tatu.

Wengine wanasema wanataka wasikike, lori lisiwakanyage. Siwacheki. Mtu anayeendesha kitu kisicho na mlango kwenye barabara ya Mombasa ana haki ya kuogopa. Lakini mlio wa bomba la moshi hutoka nyuma. Lori linalokuja mbele yako halikusikii vizuri. Anayekusikia ni mtoto aliyelala katika nyumba uliyokwisha kuipita.

Sasa kuna sababu ya tatu, na hii ndiyo ninayoomba tusiipite haraka, maana walioandika kile kikaratasi cha mapendekezo tulichogawiwa mlangoni hawakuigusa kabisa. Bomba lingine halijakatwa na mtu. Limeoza.

Sisi tunaishi kando ya bahari. Upepo wa kusi ukivuma, chumvi inatua juu ya kila chuma, na chuma hakina pa kukimbilia. Hiyo ni nje. Ndani nako mafuta yakiungua hutoa maji. Ndiyo maana asubuhi ukiwasha pikipiki unaona matone kwenye ncha ya bomba. Pikipiki ikisafiri mbali bomba linapata moto, maji yanakauka. Lakini bodaboda wa mjini anakwenda Barani, anarudi sokoni, anakwenda Muyeye, anasimama, anazima, anasubiri abiria. Bomba halipati moto wa kutosha kukausha maji. Yanakaa humo, yanachanganyika na masizi, yanakula chuma kutoka ndani. Siku moja kijana anasikia mlio umebadilika, anainama, anaona tundu la kupita kidole. Hakufanya ujeuri wowote.

Ataitengeneza? Sailensa mpya ni pesa ya siku kadhaa za kazi. Na pengine pikipiki si yake. Wengi wa hawa mnaowaona wanaendesha za watu, kila jioni wanapeleka hesabu, yaani fungu la pesa ya siku, kwa mwenye chombo. Mwenye chombo yuko nyumbani kwake, katika mtaa uliotulia, hasikii kitu. Akiambiwa sailensa imetoboka anauliza, "Kwani haitembei?" Inatembea. Basi.

Kwa hiyo mtu akisimama akaniambia vijana wa bodaboda ni wahuni, nitamwuliza: yupi? Aliyelipa kukatiwa, au aliyeozewa? Kwa sikio la jirani ni kitu kimoja. Kwa sheria wasiwe kitu kimoja.

Na kuna kulipua. Hili halina utetezi. Nalieleza kwa sababu wengine hapa, hasa wazee, mnadhani ni risasi. Kijana akiwa kwenye mwendo anazima swichi huku ameuachia mkono wa mafuta wazi. Injini inaendelea kuzungushwa na tairi, inavuta mafuta, lakini hakuna cheche. Mafuta mabichi yanapita hadi kwenye bomba lenye moto. Anawasha swichi tena, na mafuta yote yale yanalipuka ndani ya bomba. Pah! Mnaisikia kwenye harusi, kwenye misafara ya wanasiasa, na zaidi kwenye mazishi ya mwenzao. Mazishi yenyewe nilikuwamo siku moja, nyuma kabisa ya msafara, tunamsindikiza kijana niliyemjua tangu akiwa mwanafunzi wa kuja kujaziwa upepo wa baiskeli. Wakalipua njia nzima. Nilielewa kuwa ndiyo njia yao ya kulia. Niliona pia mama mmoja ameketi chini kando ya barabara, ameziba masikio ya mtoto kwa viganja vyake, na yake mwenyewe hana wa kumzibia.

Mwenyekiti aliniomba niseme kilichonibadilisha. Sipendi sana kulisema, ila nimekuja.

Marehemu mama yangu alilazwa kwa shinikizo la damu. Usiku wa pili nilikaa naye. Saa nane hivi wodi ilikuwa imetulia, naye ndiyo kwanza amepata usingizi baada ya siku mbili. Nikasikia pikipiki inakuja kwa mbali. Mwanzo sikuijali. Kisha nikaitambua, kama mtu anavyotambua kikohozi cha jirani. Ilikuwa na mtetemo mmoja wa ziada kwenye mlio, kama bati linalogongwa na kucha, kwa sababu nilipochomelea niliacha kipande kimoja cha ndani hakijashika. Jumanne ya wiki ile ile. Mama akashtuka, akakaa kitandani, akauliza, "Ni nini hicho?" Nikamwambia, "Pikipiki tu, mama." Sikumwambia ni ya nani kwa maana ninayoijua mimi.

Sisemi sailensa ile ilimwua. Alirudi nyumbani, akaishi miaka mitatu zaidi, alhamdulillah. Lakini tangu asubuhi ile sikutoa matumbo tena.

Daktari aliyekuwa akimtibu alinieleza kitu ambacho nilikuja kukisoma mwenyewe baadaye: mtu aliyelala haachi kusikia. Hata asipoamka, mwili unasikia, moyo unakwenda mbio, mishipa inabana, na homoni za hofu zinamwagika kana kwamba chui ameingia chumbani. Ikitokea mara moja hakuna neno. Ikitokea kila usiku mwaka mzima, presha inakaa juu na moyo unachoka. Shirika la Afya Duniani, kwa ofisi yake ya Ulaya, lilitoa mwongozo mwaka 2018 likasema kelele za barabarani zisizidi wastani wa desibeli (kipimo cha ukubwa wa sauti) 53 kwa siku nzima, na usiku zisizidi 45. Na desibeli, ndugu zangu, hazihesabiwi kama kilo za sukari. Ukiongeza desibeli 10, nguvu ya sauti imekuwa mara kumi, na sikio linaisikia kama imekuwa maradufu. Kwa hiyo mtu akikwambia "imezidi kumi tu", huyo hajui anachokisema au anataka usijue wewe.

Tuje kwenye sheria, maana ndiyo tuliyoitiwa.

Kuna watu wanadhani Kenya haina sheria ya kelele. Tunayo. Kanuni za kudhibiti kelele na mitetemo zilitoka mwaka 2009 chini ya sheria ya mazingira, ile inayosimamiwa na NEMA, mamlaka ya taifa ya mazingira. Zinasema mtaa wa makazi, nje ya nyumba, usizidi desibeli 50 mchana na 35 usiku. Usiku wenyewe unaanza baada ya saa mbili hadi saa kumi na mbili asubuhi. Zinasema gari lisizidi desibeli 84 linapoongeza mwendo, na honi isipigwe ila kuzuia ajali. Katiba ya 2010 kwenye kifungu cha 42 inampa kila mtu haki ya mazingira safi na yenye afya. Na katika Jedwali la Nne, kazi ya kudhibiti kelele imekabidhiwa kaunti. Kwa hiyo hili ni la kwetu. Hatuna haja ya kwenda Nairobi kuomba ruhusa ya kulala.

Basi kama sheria ipo tangu 2009, mbona pikipiki ile ilinipita dirishani?

Kwa maoni yangu ni kwa sababu imeandikwa kwa ajili ya mashine ambayo mtu wa barabarani hana. Mchukueni askari wetu wa kaunti, kanjo, pale karibu na soko la zamani. Inapita Boxer inayonguruma. Ili amshtaki kijana kwa desibeli 84 anahitaji kipimo, kipimo kiwe kimehakikiwa, yeye mwenyewe awe amefundishwa kukitumia, asimame umbali unaokubalika, na lori lisipite nyuma wakati anapima. Programu ya kwenye simu? Wakili wa kwanza ataicheka mpaka machozi yamtoke. Kwa hiyo kanjo anafanya moja kati ya mawili. Anaiacha ipite. Au anaisimamisha, na kwa kuwa hana cha kupima, wanapimana kwa mkono. Kitu kidogo kinatoka, kelele inabaki. Kijana amelipia ruhusa ya kuendelea kupiga kelele, na kesho ataisaka ile pesa kwa kukimbia zaidi.

Mwanangu alinionyesha kwenye simu jinsi wenzetu wanavyofanya. Mwaka 2022 Paris ilianza kujaribu mitambo inayoning'inizwa juu ya nguzo, yenye vipaza sauti kadhaa pamoja na kamera. Vipaza sauti vinajua mlio umetoka upande gani, kamera inasoma namba ya chombo, na faini iliyopangwa ni euro 135. Nzuri sana. Sisi tukiitundika hapa Ngala, sijui itamaliza wiki ngapi kabla mtu hajaiona kuwa ni spea. (Kicheko.) Mumbai nao, mapema mwaka 2020, polisi walieleza jaribio lao: waliunganisha taa za barabarani na vipima sauti, madereva wakipiga honi kupita desibeli 85, taa nyekundu inaanza kuhesabu upya. Ukipiga honi, unangoja zaidi. Hapa kwetu tungelala barabarani.

Lakini Kathmandu, mji mkuu wa Nepali, walifanya jambo ambalo halikuhitaji mtambo wowote. Tarehe 14 Aprili 2017, siku ya mwaka mpya wao, walipiga marufuku honi zisizo za lazima, isipokuwa magari ya dharura. Askari hahitaji kupima honi. Ama imepigwa ama haikupigwa. Sheria ya namna hiyo hata mtoto anaweza kuisimamia, na ndiyo sheria ninayotaka tuandike sisi.

Na kabla sijasema iandikwe vipi, kuna hadithi ya Roma. Zaidi ya miaka 2,000 iliyopita, enzi za Julius Caesar, mikokoteni ilizuiwa kuingia mjini karibu siku nzima kwa sababu ya msongamano. Waroma wakafurahi. Mikokoteni ikawa inasubiri nje, jua likielekea kuzama inaingia, magurudumu juu ya mawe usiku kucha, na watu wakalalamika miaka na miaka kuwa Roma hakulaliki. Nimesoma kwenye mapendekezo kwamba malori ya mawe na mchanga yazuiwe mchana. Aliyeliandika hilo naomba aulizwe lori litapita saa ngapi.

Ninavyoona mimi, sheria ndogo isimame juu ya kitu kinachoonekana kwa macho na kushikika kwa mkono, nacho ni sailensa nzima. Chombo chochote cha moto kinachotembea ndani ya mipaka ya manispaa kiwe na sailensa ambayo haijatobolewa, haijakatwa, haijaondolewa. Kanjo ataijuaje iliyotolewa matumbo, ilhali nimesema kwa nje ni ile ile? Nitamfundisha, na sitamtoza. Atazame mshono wa nyuma, wa kiwandani umenyooka na wangu haukunyooka. Aigonge kwa bisibisi: yenye matumbo inajibu kwa sauti nzito, tupu inalia kama sufuria. Kisha aweke kitambaa kinene kwenye ncha ya bomba injini ikiwa imewashwa. Bomba zima litaisonga injini, itaanza kukohoa. Lenye tundu litapumulia pengine, na utausikia upepo unatoka wapi. Mambo matatu, dakika mbili, na mwenye pikipiki anaona kila kitu kwa macho yake. Hakuna ubishi wa namba.

Mara ya kwanza kosa lisiwe la pesa. Apewe karatasi na siku kumi na nne, arudi kwenye ofisi akiwa amerekebisha, karatasi ichanwe. Nimesikia wakubwa wakisema bila faini watu hawaogopi. Mimi nawaambia faini ya elfu kumi kwa mtu wa hesabu haimfanyi anunue sailensa. Inamfanya asiweze kununua sailensa. Mara ya pili hapo atozwe, na alipie kwa simu moja kwa moja kwenye akaunti ya kaunti, pesa isipite kwenye kiganja cha mtu. Na atozwe mwenye chombo, kwa namba ya usajili, si huyu anayekiendesha. Mwenye chombo akianza kupata ujumbe wa faini akiwa sebuleni, ataacha kuuliza kama inatembea.

Na fundi. Mapendekezo yetu yamejaa madereva, hakuna fundi hata mmoja. Mimi nimewahi kutoa matumbo ya sailensa nyingi kuliko pikipiki zilizoegeshwa hapo nje leo, na hakuna siku niliyoulizwa na mtu. Muandike: anayekata au kutoboa sailensa kwa malipo ana kosa, na kosa lake liwe kubwa kuliko la aliyelipa. Wenzangu wa gereji najua mtaninunia. Mninunie.

Kulipua kupigwe marufuku saa zote, mahali pote, harusi, mazishi na kampeni. Kampeni nasema mara mbili.

Honi tuige Kathmandu: karibu na hospitali, shule, misikiti na makanisa isipigwe ila kuzuia ajali. Ndugu zangu wa tuktuk, hii ni yenu. Mtu anatembea zake kwa miguu kando ya Barabara ya Lamu, hana safari, anapunga upepo, na kila tuktuk inayompita inamwuliza kwa honi kama anataka kubebwa. Akitembea mwendo wa dakika kumi ameulizwa mara thelathini. Angekuwa anataka tuktuk angekuwa ameshapanda. Wageni nao hawaelewi kuwa ni biashara, wanadhani wamekosea njia.

Kuna wanaotaka bodaboda zisiingie mjini kabisa, na mfano wanaoutoa ni Lamu. Lamu naiheshimu, nina wajomba huko. Lakini Mji wa Kale wa Lamu, uliowekwa na UNESCO kwenye orodha ya urithi wa dunia mwaka 2001, ni vichochoro ambavyo punda wawili wenye mizigo wakikutana mmoja lazima angoje. Ukuta wa mawe huku, ukuta wa mawe huku. Pikipiki moja humo ni kama kuwasha jenereta ndani ya mtungi. Wakizuia wana maana. Malindi imetawanyika. Mama anayetoka sokoni saa mbili usiku kwenda Maweni au Kisumu Ndogo na mizigo yake, ukimwondolea bodaboda umempa utulivu wa kutembea gizani. Hakuutaka.

Bwana Mwenyekiti, naona mkono umeinuka pale, na najua swali lake kabla hajaliuliza. Mbona bodaboda peke yao? Mbona disko zinapiga mpaka alfajiri? Mbona gari la matangazo la mwanasiasa linapita na spika nane? Swali ni la haki, na sina jibu la kulituliza. Sheria ni msumeno, hukata mbele na nyuma. Msumeno wa kukata upande mmoja ni kisu, na vijana hawa wamezoea kuona kisu. Kama sheria hii itamkamata mwenye Boxer saa tatu usiku na kanjo huyo huyo akapita mlangoni kwa disko akisalimiwa kwa jina, basi msiipitishe. Itakufa, na ikifa itakuwa vigumu kuleta nyingine. Disko zina kibali chake na masharti yake kwenye zile zile kanuni za 2009. Tuyadai siku moja na haya. Sikubaliani na anayesema tungoje disko zitulie kwanza ndiyo tuguse pikipiki. Tutazeeka.

Njia ya kufika huko ipo. Bodi ya manispaa ina uwezo wa kutunga sheria ndogo chini ya sheria ya maeneo ya miji ya 2011, na sheria hiyo hiyo inataka wakazi waitwe watoe maoni, yaani mkutano kama huu ni haki yetu, hatukupewa kama hisani. Bodi ikilala, Sheria ya Serikali za Kaunti ya 2012 inampa mwananchi yeyote ruhusa ya kupeleka ombi kwa Bunge la Kaunti. Ombi ni karatasi na sahihi. Naomba kwenye karatasi hiyo sahihi za vijana wa steji zitangulie za kwetu sisi wenye nyumba. Wakilitia sahihi wao, mwakilishi wadi hatasema anaogopa kura za bodaboda.

Na kwa upande wangu. Kuanzia Jumatatu, kwa mwezi mzima, sailensa iliyooza ikiletwa gereji nitaichomelea bila malipo. Chuma aje nacho mwenyewe, moto ni wangu. Iliyotolewa matumbo nitayarudisha kwa bei ile ile niliyoyatolea, mia tatu, ingawa kuyarudisha ni kazi mara tatu ya kuyatoa. Nitamwonyesha kila mmoja jinsi ya kutoboa kitundu kidogo cha kumwaga maji kwenye sehemu ya chini kabisa, kidogo kama ncha ya njiti ya kiberiti, hakiongezi mlio wa kumkera mtu. Kanjo mwambieni asikipige karatasi. Na ukiwa umepita karibu na bahari, osha chombo kwa maji ya mfereji kabla hujalala. Hili la mwisho nalisema kila siku na hakuna anayelifuata.

Nimemaliza, nakaribisha maswali. Ila wewe kijana uliyefika mwisho, wa Boxer nyekundu, gaskiti ya bomba imekatika pale linapoungana na injini. Nimeisikia kutoka hapa mbele ulipokuwa unaegesha. Usiondoke kabla hatujaonana.